Somo: Spea nyembamba, mwendo wake na umbali wake

Fungua buti uitazame spea leo, kabla pancha haijakulazimisha. Ikiwa saizi yake ni ile ile ya matairi manne ya chini, ijaze upepo sawa na mengine na uendeshe kama kawaida, mradi haijazeeka. Ikiwa ni nyembamba, ina stika ya njano au rimu la njano na namba 80, hiyo ni ya dharura. Somo hili ni lake.

Mwendo wa juu ni kilomita 80 kwa saa. Umbali usome kwenye kitabu cha gari. Vingi husema kilomita 80 hivi. Tabora hadi Nzega ni kama kilomita 115, kwa hiyo ukipata pancha ndiyo kwanza umetoka mjini, tafuta fundi Puge, karibu nusu ya njia, au rudi Tabora.

Sababu ni kimo. Tairi la 185/65R15 lina kipenyo cha milimita 621. Spea ya T125/70D15 ina 556. Katika kila kilomita moja spea huzunguka takriban mara 60 zaidi ya mwenzake wa upande wa pili. Ikifungwa kwenye ekseli inayosukuma gari, difu (giaboksi ndogo inayoruhusu matairi mawili ya ekseli kuzunguka kwa kasi tofauti) ndiyo inayomeza tofauti hiyo muda wote, na mafuta yake huchemka. Zaidi ya hapo, spea inagusa lami kwa eneo dogo, hivyo breki za ghafla huvuta gari upande.

Kufunga:

1. Simama pagumu, weka pembetatu nyuma na mbele, vuta hendibreki, zuia tairi la upande wa pili kwa jiwe.

2. Legeza nati robo mzunguko gari likiwa bado chini.

3. Chini ya jeki weka ubao mnene wa sentimita 30 kwa 30. Mchanga wa Tabora humeza jeki. Kipande cha mninga kinatosha, na huku hakikosekani.

4. Kwa gari linalosukumwa na matairi ya mbele, pancha ikiwa mbele, usifunge spea hapo. Hamisha tairi zima la nyuma lije mbele, spea ikae nyuma. Ni kupiga jeki mara mbili, na wengi huruka hatua hii kwa uvivu.

5. Kaza nati kwa mkono, kisha shusha gari na ukaze kwa kukingamanisha (nati moja, kisha ile inayoikabili), si kwa kuzunguka. Toyota nyingi ndogo hutaka Nm 103 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza): kwenye spana ya sentimita 30, ni sawa na kuning'iniza kilo 35 kwenye ncha ya mpini. Usipande juu ya spana kwa miguu, utakata bolti.

6. Pima upepo: psi 60. Kaza nati tena baada ya kilomita chache.

MASWALI

Mkuu, tairi langu la spea limeandikwa M, na M ni kilomita 130. Mbona 80?
M ni uwezo wa tairi lenyewe. 80 ni ya gari zima likiwa na tairi moja fupi: usukani, breki na ABS (mfumo unaozuia matairi kukwama ukifunga breki).

Fundi pancha wangu aliijaza 30 kama mengine.
Ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Kwa 30 ubavu wa tairi unajikunja kila mzunguko, unachemka na kupasuka. Mwambie 60, namba ipo ubavuni. Spea pia hupoteza upepo ikiwa imelala, kwa hiyo ipime kabla ya kila safari.

Nimebeba madumu manne ya asali ya lita 20 nyuma. Niende tu?
Hizo ni zaidi ya kilo 110. Sogeza madumu sakafuni nyuma ya viti vya mbele, upande usio na spea, na uende 50 au 60. Kwenye vumbi la makorongo shuka zaidi. Rimu la spea hupinda upesi.

Gari langu lina foo-wili.
Usiweke foo-wili ukiwa na spea nyembamba. Kama ni ya muda wote, soma kitabu kwanza, maana baadhi hutaka ifungwe ekseli maalumu.

Umri wa spea naujuaje?
Soma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ikipita miaka 10, badilisha hata kama haijawahi kugusa barabara.