Kupima kalisiamu inayopandishwa na estradioli au vitamini D kwa sekunde: hatua kwa hatua

Juzi nimemsaidia dada mmoja wa masters, grafu zake zilikuwa hazieleweki wiki nzima, nikaona niandike kabisa. Darasani tunakariri kwamba steroidi (homoni kama estradioli, ambayo ni estrojeni, na jamaa yake vitamini D) inaingia kwenye kiini, inawasha jeni, unasubiri masaa. Ni kweli, ila iko njia nyingine inayoanzia kwenye utando wa seli, kalisiamu ndani ya seli inapanda kabla jeni haijatoa protini hata moja.

1. Siku moja kabla, hamishia seli kwenye midia (maji ya kulishia seli) isiyo na fenoli redi, seramu iwe imechujwa kwa mkaa kuondoa homoni zake. Hiyo rangi nyekundu ina tabia ya estrojeni.

2. Pakia Fura-2 (rangi ya kung'aa inayoonyesha kalisiamu) kwenye seli, osha, soma ukimulika kwa mwanga wa nanomita 340 na 380.

3. Weka homoni. Ethanoli inayoyeyusha homoni isizidi asilimia 0.1, na kontroli (seli za kulinganishia, zisizopata homoni) ipate ethanoli hiyohiyo kwa mwendo uleule, maana tone likidondoka kwa nguvu tu seli zinashtuka na kalisiamu inapanda. Mimi pipeti nimeacha, natumia pampu ya polepole. Vitamini D (ile 1,25, yaani iliyo tayari kufanya kazi) izungushie foili, mwanga unaiharibu.

4. Estradioli iliyofungwa kwenye albumini. Hapa ndipo nilipoteza wiki tatu. Wazo ni kwamba albumini haipenyi utando, kwa hiyo seli ikijibu basi imeguswa kwa nje, shida ni kwamba estradioli inachomoka na kuvuja, chupani kunakuwa na estradioli huru na ndiyo unayoipima bila kujua. Ichanganye asubuhi ileile, ipitishe kwenye kichujio cha sentrifuji cha kilodaltoni 30: albumini ni kama 66 inabaki juu, estradioli haifiki hata 0.3 inashuka. Kilichoshuka kiweke kwenye seli. Kalisiamu ikipanda, rudia kuosha mpaka kilichoshuka kisifanye kitu. Ila angalia, estradioli inanata kwenye plastiki, kwa hiyo chukua kichujio kingine upitishe estradioli tupu uone kama kweli inashuka, la sivyo utadhani umesafisha kumbe imeganda kwenye kichujio. Kilichobaki juu ndicho cha kuweka kwenye seli, kitumie siku hiyohiyo, ukilaza mpaka kesho inavuja tena. Kontroli ni albumini tupu.

5. Rudia ukiwa umeweka aktinomaisini D (dawa inayozuia jeni kusomwa). Kalisiamu ikipanda vilevile, jeni haihusiki.

6. Malizia na ionomaisini, inayopandisha kalisiamu kwenye seli kwa lazima. Isipopanda hapo, data za kisahani hicho tupa.