Niletee chenyewe: namna ya kutumia akili mnemba chuoni

Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu hapa Unguja. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaponijia na kazi waliyosaidiwa na akili mnemba, neno langu kwao huwa moja: niletee chenyewe. Kitabu chenyewe, sauti yenyewe, rasimu yenyewe.

Kijana mmoja aliyekuwa akiandika tasnifu juu ya mwani aliniletea marejeo 14. Waandishi niliwatambua, majarida nayo yapo. Tukakaa kutafuta mpaka alaasiri, tukayapata 5. Yale 9 yaliyobaki hayakuwahi kuandikwa na mtu yeyote. "Lakini mwalimu, imenipa mpaka namba za kurasa," akaniambia, machozi yakimlengalenga. Hakukusudia kudanganya. Hakuna aliyekaa naye kumweleza chombo kile kinavyofanya kazi.

Basi tuanzie hapo. ChatGPT, Gemini na wenzao wamefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yao ni kukadiria neno lipi laelekea kufuata jingine. Rejeo la kitaaluma lina umbo linalojirudia: jina la mwandishi, mwaka, kichwa cha makala, jarida, kurasa. Kulitunga ni sahali kwao sawa na kulinukuu. Vyombo vingine siku hizi hupekua intaneti na kukupa kiungo. Hapo ni nafuu, ila kifungue, usome, uone kama makala yanasema hilo unalodai. Mwaka 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT, nao ni watu waliosomea sheria. Kwa hivyo kabla rejeo halijaingia kwenye tasnifu, pakua makala au njoo rafuni ukishike kitabu. Usilolishika, lifute.

Sasa mahojiano, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Kijana yule yule alirekodi kina mama wakulima wa mwani upande wa Paje, akaipa programu ya mtandaoni izigeuze sauti kuwa maandishi. Mama mmoja alisema, "Bamvua likija ndo twaingia." Programu ikaandika, "Mvua ikija." Sura nzima ikajengwa juu ya mvua na mavuno! Na ilisomeka vizuri, maana mvua nyingi kweli hupunguza chumvi ya maji na kuudhuru mwani. Mama alikuwa akizungumzia maji ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanapokupwa mbali, akaweza kuyafikia mashamba yake kwa miguu. Mtu wa pwani angelijua kosa hilo mara moja. Kijana mwenyewe ni mtu wa pwani, lakini hakurudi kuisikiliza sauti.

Kama utatumia programu ya kunakili, sikiliza rekodi yote huku kidole kikifuata maandishi, neno kwa neno. Kwa Kimakunduchi na lahaja za Pemba, nakili kwa mkono tangu mwanzo. Utachoka, lakini utayasikia yale aliyoyasema.

Halafu jiulize kama ulikuwa na ruhusa ya kuipeleka sauti ile huko. Mama alikubali kuzungumza na wewe. Hakukubali jina lake, kijiji chake na deni lake kwa mnunuzi vikahifadhiwa kwenye kompyuta ya kampuni ya mbali. Vyombo vingi, hasa vya bure, huweza kuyatumia mazungumzo yako kujifunzia, usipozima ruhusa hiyo kwenye mipangilio. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, ile ni amana. Mweleze mshiriki kabla hujarekodi, na uliandike hilo kwenye fomu ya ridhaa. Maandishi yoyote unayoyabandika huko, toa majina kwanza: "Mama wa 3, Kijiji B" inatosha.

Walimu na watumishi wenzangu, nasi tumo. Alama za wanafunzi, barua za nidhamu na vyeti vya hospitali visibandikwe huko hata kama unataka tu kunyoosha sentensi.

Na zile programu zinazodai kutambua kazi ya mashine, tusizifanye hakimu. OpenAI, kampuni iliyoitengeneza ChatGPT, waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa kuwa haikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionesha kuwa programu za aina hiyo ziliwashuku isivyo haki watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Zaidi ya nusu ya insha zao ziliitwa za mashine. Hao ndio wanafunzi wetu. Mwite mtoto, muombe rasimu zake, mwambie akueleze sura yake kwa Kiswahili. Dakika kumi zinatosha kujua kama kazi ni yake.

Vyombo hivi vina faida, nami huwahimiza wavitumie kwa kujipima. Bandika sura uliyoiandika mwenyewe, kisha sema: "Niulize maswali kumi magumu kama mtahini, usinipe majibu." Kusahihisha sarufi ya Kiingereza pia sawa, msimamizi akiridhia. Kisha tamka wazi ulichofanya, kwa mfano: "Nimetumia ChatGPT kusahihisha sarufi ya Kiingereza katika Sura ya 2. Mahojiano, uchambuzi na hoja ni vyangu."

Na kama umeshakabidhi rasimu yenye rejeo usilolishika, mwendee msimamizi wako kesho asubuhi, umwambie kabla hajalitafuta yeye. Ukitoka kwake pita mezani kwangu na orodha yako. Nipo mpaka saa kumi.