Vipuri na Zana za Kupakia Kabla ya Kusafiri na Peugeot 504 kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya

Safari ya kilometa zipatazo 830 kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya si jambo kubwa kwa gari la kisasa, lakini kwa Peugeot 504 ya petroli yenye umri wa miaka arobaini na zaidi, maandalizi yake huanzia kwenye buti, wiki kadhaa kabla ya siku ya kuondoka. Gari hili lilitoka mwaka 1968, likashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na ugumu wake hauna ubishi. Hata hivyo, magari yale ya mashindano yalifuatwa na magari mengine yaliyosheheni mafundi na vipuri, ilhali wewe utakuwa na buti moja tu, nayo inadaiwa pia na mabegi ya familia.

Kila kifaa unachofikiria kukibeba kipitishe kwenye maswali matatu. Je, kikiharibika gari litasimama? Je, kinapatikana katika maduka ya spea ya Morogoro, Iringa au Makambako? Je, wewe mwenyewe au fundi wa kijiweni anaweza kukifunga kando ya barabara? Oili, maji ya betri, balbu za kawaida na tyubu utavipata karibu kila mji wa njiani, kwa hiyo havistahili kujaza buti. Kifuniko cha distributa cha 504 (distributa ni kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi), pampu yake ya maji na gasketi zake ni habari nyingine, kwa kuwa rafu za maduka hayo zimejaa spea za Toyota. Bei isikudanganye katika uchaguzi huu: kondensa ya distributa, isiyozidi ukubwa wa kidole gumba, inaweza kukulaza Ruaha Mbuyuni, kati ya Mikumi na Iringa, wakati shokapu iliyochoka itakufikisha Mbeya ikilalamika tu.

Funga kipya, beba cha zamani

Wasafiri wengi hununua vipuri vipya na kuviacha ndani ya maboksi yake mpaka siku ya dharura, na hapo ndipo hugundua kwamba rota, yaani kile kipande kinachozunguka ndani ya distributa, haiingii kwenye shafti au mpira wa rejeta una kona isiyolingana na ya injini. Ni bora kufanya kinyume chake. Nunua kifaa kipya mapema, kifunge kwenye gari, kitumie kwa wiki chache katika mizunguko ya kawaida ya mjini, kisha kile cha zamani kilichotolewa kikiwa bado kizima ndicho kiingie kwenye sanduku la safari. Kwa njia hii unaondoka na vifaa viwili vilivyothibitishwa, kwani hata hicho cha akiba kimeshafanya kazi ndani ya gari lako. Sharti lake ni kwamba cha zamani kiwe kizima kweli. Feni belti yenye nyufa haigeuki kuwa akiba kwa sababu tu imeondolewa na kufungwa kwenye mfuko.

Kanuni hii ina uzito wa pekee kwa mfumo wa cheche. Kondensa zinazouzwa siku hizi hazilingani kwa ubora, na nyingine hufa baada ya kupata joto mara chache tu, bila dalili yoyote inayoonekana kwa nje. Injini yenye kondensa mbovu huanza kukohoa ikishapata moto, huzima, huwaka tena ikipoa, na ukifungua kifuniko cha distributa na injini ikazungushwa kwa starta utaona cheche kubwa za bluu kwenye kontakti pointi, yaani vile vidomo viwili vinavyofunguka na kufunga. Beba kondensa mbili zilizokwisha kujaribiwa, seti moja ya pointi, rota, kifuniko cha distributa, koili na waya mmoja wa plagi ulio mrefu kuliko yote, kwa sababu huo unaweza kushika nafasi ya waya wowote mwingine. Kabla ya kununua, soma jina lililoandikwa kwenye mwili wa distributa, maana 504 nyingine zilifungwa ya Ducellier na nyingine ya SEV, na pointi za moja hazikai kwenye nyingine.

Andika pia karatasi ndogo, uipitishe kwenye plastiki, na kuiweka pamoja na vifaa hivi. Humo andika pengo la pointi, ambalo ni milimita 0.4, mpangilio wa kuwaka wa 1-3-4-2, na jambo moja linalowachanganya hata mafundi wazuri: kwa Peugeot, silinda namba 1 ni ile iliyo upande wa flaiwili, karibu na dereva, wala si ile ya upande wa rejeta. Fundi aliyelelewa na injini za Kijapani ataanzia mbele bila kukuuliza. Ukipoteza fila geji, yaani vile vibati vya kupimia pengo, kadi ya biashara iliyo ngumu kidogo ina unene unaokaribia pengo hilo na itakuvusha mpaka mjini.

Maji, feni na mlima wa Kitonga

Baada ya Mikumi barabara huingia bonde la Ruaha lenye joto kali, kisha hupanda Kitonga kuelekea Iringa, mji ulio kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500. Gari hupanda kwa gia ndogo, nyuma ya malori yaliyobeba mizigo ya Zambia na Kongo, huku upepo wa mbele ukiwa hafifu na injini ikifanya kazi kubwa. Kama kuna udhaifu wowote katika mfumo wa maji, utajitokeza hapo.

Beba feni belti moja iliyojaribiwa, mpira wa juu na wa chini wa rejeta, klipu za ukubwa mbalimbali, mfuniko wa rejeta, thamostati pamoja na gasketi yake, na maji yasiyopungua lita kumi katika madumu mawili, ili dumu moja likipasuka usibaki mkavu. Pampu ya maji nayo ibebwe pamoja na gasketi yake, ingawa ni nzito, kwa kuwa haipatikani njiani. Lakini kabla ya kuondoka shika pangaboi la feni ulitikise mbele na nyuma, na uangalie kama kuna alama ya maji chini ya pampu, kwa sababu pampu inayokaribia kufa huanza kuvuja au kulia kabla haijaacha kazi.

Feni ya 504 inahitaji maelezo zaidi, kwani haizunguki wakati wote. Ina klachi ya sumaku inayopewa umeme na swichi ya joto, nayo hushika pale tu maji yanapopata moto. Swichi ikifa, au brashi ndogo inayopeleka umeme kwenye klachi ikilika, feni itabaki ikizunguka kwa uvivu huku mshale wa joto ukipanda. Beba swichi moja, brashi moja na kipande cha waya cha kuunganisha umeme moja kwa moja bila kupitia swichi. Zaidi ya hayo, kwenye kitovu cha feni zipo skrubu tatu zinazorekebisha pengo la sumaku. Zikikazwa mpaka mwisho, feni hushikana na pulii na kuzunguka muda wote, jambo ambalo linapoteza petroli kidogo lakini linakufikisha Iringa. Mwombe fundi wako akuonyeshe zoezi hilo nyumbani, injini ikiwa imezimwa na imepoa, na uhakikishe kwamba spana inayozikaa skrubu hizo imo kwenye sanduku.

Petroli

Tangi la chuma lenye umri huu lina kutu na tope ndani yake, na barabara ya matuta ya mijini hulitikisa mpaka uchafu ukaingia kwenye paipu. Kwa hiyo filta ndogo za plastiki zinazoonyesha ndani zibebwe tatu au nne, kwani ni nyepesi na mara nyingi moja haitoshi. Ongeza mita mbili za mpira wa petroli wenye kipenyo sawa na cha paipu za gari lako. Usinunue mpira wa maji kwa kuuonea huruma mfuko, kwa sababu petroli huulainisha na kuupasua. Pampu ya petroli ya gari hili inasukumwa na injini, na kinachoiua ni daiframu yake, yaani utando wa ndani unaosukuma petroli, basi beba daiframu mpya au, ukiweza, pampu nzima ya akiba iliyowahi kufanya kazi.

Ukiona injini inakufa mlimani huku cheche zikiwa nzuri, huenda petroli imegeuka mvuke ndani ya paipu. Dawa yake ni kitambaa kilicholowa maji, kikazungushwa kwenye pampu ya petroli na kuachwa kwa dakika chache. Kipande cha khanga kuukuu kinatosha, nacho wakati wa amani kitakuwa kimefungia koili isigongwe na spana. Tangi likitoboka na jiwe, kipande cha sabuni ya mche kilichosuguliwa kwa nguvu kwenye tundu huzuia petroli kwa muda, kwani sabuni hiyo haiyeyuki haraka kwenye petroli kama zinavyoyeyuka gundi nyingi. Kazi hiyo ifanyike injini ikiwa imezimwa na imepoa, mbali na moto wa aina yoyote.

Breki, klachi na gasketi

Kwa breki na klachi, beba chupa moja ya mafuta ya breki ambayo haijafunguliwa, mpira mmoja wa breki wa mbele, na seti za raba za masta silinda na za silinda ya chini ya klachi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya huchemka mapema wakati wa kuteremka Kitonga katika safari ya kurudi. Kwa hiyo yabadilishwe yote kabla ya safari badala ya kuongezewa tu. Kamwe usijazie oili ya injini mahali pake, kwani huvimbisha raba na kuharibu mfumo mzima.

Watu huniuliza kwa nini mtu abebe gasketi ya silinda hedi ilhali hawezi kuibadilisha porini. Jibu ni kwamba fundi wa kuibadilisha yupo Iringa, na yupo Mafinga pia, ila gasketi yenyewe haipo. Ilaze kati ya mbao mbili nyembamba, uzifunge kwa tepu, na uiweke chini kabisa ya mizigo ili isipinde. Fundi atakayefungua hedi aelezwe kwamba injini hii ina slivu, yaani mirija ambayo pistoni hutembea ndani yake, zinazozungukwa na maji, na kwamba hedi ikishaondolewa injini isizungushwe mpaka slivu zibanwe, la sivyo zitapanda, maji yataingia kwenye oili, na kazi itakuwa kubwa mara tatu.

Zana

Peugeot hutumia vipimo vya milimita, basi seti ya spana za kuanzia 8 hadi 19 pamoja na soketi zake inatosha, mradi uhesabu namba moja baada ya nyingine, kwa kuwa baadhi ya seti za bei nafuu huruka namba ambazo gari hili linazihitaji. Mwenye Land Rover ya zamani atahitaji spana za inchi, na hizo ni vigumu kuziazima njiani. Ongeza bisibisi za bapa na za nyota, plaizi ya kawaida na ya kukamatia, nyundo ndogo, fila geji, msasa laini, tepu ya umeme, waya wa kufungia, gundi ya chuma, fyuzi za aina inayotumika kwenye gari lako, na taa ya kupimia ambayo ni balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili. Taa hiyo inafaa kuliko mita ya bei kubwa, maana inakuonyesha papo hapo kama umeme umefika kwenye koili au haukufika. Spana ya plagi iwe ndefu, kwa sababu plagi za injini hii zimezama ndani ya hedi.

Jeki ya chupa iambatane na ubao mpana wa kuiwekea chini, kwani bega la barabara mara nyingi ni udongo laini. Pembetatu za tahadhari, kizima moto na tochi vikae mahali ambapo mkono unafika bila kushusha begi hata moja. Sanduku la spana lilale sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, likiwa limefungwa lisiteleze, na vifaa vidogo vya cheche vikae kwenye kopo lenye mfuniko ndani ya droo ya dashibodi. Kila kifaa kiandikwe jina na tarehe kilipotolewa kwenye gari, ili asiyekuwa wewe aweze kukitambua usiku.

Starta, alteneta nzima, kabureta ya pili na sahani ya klachi viache Dar es Salaam. Vifungashe kimoja kimoja, uvikabidhi kwa ndugu au fundi anayeamka mapema, kwa sababu mabasi ya kwenda Iringa na Mbeya huondoka kila siku na hupokea vifurushi. Juu ya kila kifurushi andika mapema jina lako na namba ya simu, uache nafasi ya jina la mji, na nafasi hiyo atajaza yeye baada ya wewe kumpigia simu na kumweleza gari limesimama wapi.