Namna ya kutafuta rangi kihambani miezi ya baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti huku Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, tunaishi ndani ya wingu. Upepo wa kusi unabeba unyevu kutoka baharini, unaugonga mlima, unapanda na kupoa, na ukungu unakaa kwenye migomba hadi mchana. Kibo, kilele cha mlima, inaweza kupotea siku kadhaa mfululizo. Watu wanajikunyata ndani, wanasema nje hakuna cha kuona.

Mimi ni fundi cherehani, kutwa nashinda na rangi, na nawaambia kwa moyo wangu wote kwamba huu ndio msimu mzuri wa kuzitafuta. Tunazikosa kwa sababu tunaangalia juu na mbali. Miezi hii ziko karibu, usawa wa kiuno kwenda chini.

Fanya hivi. Kata vipande vitatu vya uzi, urefu wa kidole, kila kimoja na rangi yake, uvifunge kwenye kifungo cha sweta. Kisha ingia kihambani, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, ukatafute kinachofanana na kila uzi. Usichague rangi rahisi tu. Chukua damu ya mzee, chukua zambarau, chukua njano iliyopauka. Bila uzi, jicho linapita juu ya vitu. Ukiwa nao linasimama, linalinganisha, linakataa, linarudi tena. Vaa mabuti, maana udongo wetu ukilowa unateleza vibaya.

Usisubiri jua litoke. Mteja akitaka tulinganishe uzi na kitambaa, namtoa nje lakini kivulini, kamwe si juani. Jua kali linafanya kitu king'ae na kuonekana cheupe. Mwanga wa mawingu unatoka kila upande, hauna mng'ao wala kivuli kikali, na jani lililolowa linakupa rangi yake yenyewe. Angalia masale ya mpakani asubuhi ya manyunyu uone kijani chake kilivyokolea.

Anza na kahawa, kwa sababu mwezi wa Julai inakuwa imeanza kuiva. Simama kwenye mti mmoja, usikimbilie mwingine. Kwenye tawi hilohilo utakuta tunda la kijani, lingine limepauka kuelekea njano, lingine limepata wekundu shavu moja tu, lingine jekundu kabisa, na lililopitiliza ambalo ndilo damu ya mzee. Kila moja lina tone la maji chini yake. Sogeza uzi mwekundu kwenye tunda jekundu, utaona uzi wa dukani ulivyo mkavu. Mimi hapo naweza kukaa mpaka vidole vife ganzi. Mama mkwe akiwa anachuma huniambia, "Mwanangu, angalia lakini usiguse ya njano, haijawa tayari." Ana haki: kahawa nzuri inachumwa ikiwa nyekundu, tunda moja moja, na ndiyo maana wachumaji wanaurudia mti uleule tena na tena.

Toka hapo nenda kwenye tumba la mgomba. Kwa nje ni zambarau iliyofunikwa na utando kama vumbi. Subiri ganda lidondoke lenyewe, liokote, ligeuze: ndani ni jekundu, laini, lenye mistari. Maua madogo ya rangi ya maziwa yanabaki juu, na hapo ndipo chozi, ndege mdogo anayenyonya maua, anapokuja kunyonya. Simama hatua chache bila kusogea. Dume ataonekana mweusi tu, halafu atageuza shingo na kijani kitawaka. Kijani hicho kinatokana na jinsi manyoya yake yanavyouakisi mwanga, kwa hiyo rangi inategemea amekaa vipi. Kwa ndege huyu sina uzi wa kumlinganisha.

Ndege mwingine wa kumvizia kwa macho ni shorobo. Utamsikia kabla ya kumwona, sauti kavu ya kukwaruza juu kwenye miti mirefu ya kihambani kama mringaringa au mruka. Akitulia ni kijani na samawati ya giza, anapotea kwenye majani. Ukiona tawi linatikisika, usikimbilie simu. Kaza macho kwenye mbawa. Akiruka anafungua wekundu ambao hukuamini anao. Wekundu huo una madini ya shaba ndani yake, na ni ndege wa jamii yake tu wanaoutengeneza. Anadumu angani muda mfupi sana, kwa hiyo uwe tayari.

Njano ni rahisi: alizeti pori zimejaa kando ya barabara baada ya masika. Kata chache, zipeleke nyumbani. Kibo yenyewe, mita 5,895, ukiitaka, toka nje kabla jua halijachomoza. Siku ukibahatika, barafu inageuka rangi ya waridi kabla mawingu hayajafunga.

Ukizidiwa na ukungu, shuka Msitu wa Rau, pembeni mwa mji wa Moshi. Ni chini, kuna joto kidogo, na maji ya ardhini yanaufanya uwe kijani mwaka mzima. Chukua mwongozaji wa pale akuonyeshe mti wa msoo na mbega, kima mweusi na mweupe.

Likizo ya Juni wape watoto nyuzi zao, lakini wasichume tunda bichi wala kuvunja tumba. Bluu ndiyo itakayowasumbua. Waambie wachuchumae kwenye majani yale ya kulisha sungura, yanayotambaa chini ya kahawa: yana kiua cha bluu, petali mbili kubwa, saizi ya ukucha. Kinafunguka asubuhi na ikikaribia saa 6 mchana kinaanza kujikunja, kwa hiyo uzi wa bluu ndio wauanze mapema.