Mboga za kunyauka ziliwe kwanza
Mkiwa wawili na pesa ni ya kubana, nendeni soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili, siku linapofurika, halafu mpange wiki kwa kufuata kinachoharibika mapema. Mchicha na majani ya kunde viishe Jumanne, sukuma ifuate. Kabichi usiipasue katikati. Bandua majani ya nje kidogo kidogo, itawafikisha Ijumaa hata bila friji. Omena kavu (dagaa) na ndengu ndizo akiba ya mwisho wa wiki. Omena zioshe kwa maji moto mara mbili, uzikaange hadi zikauke zianze kulia kwenye sufuria, ndipo utie kitunguu na nyanya. Ndengu zilaze majini usiku, zitakula makaa kidogo. Nyama? Sisi tuliiachia mwisho wa mwezi.