Kufunga ekseli za mtumba kwenye Land Rover 109, hatua kwa hatua

Land Rover 109 (zile ndefu) nyingi zilizolala chini ya miembe hapa Pemba hazikuuliwa na injini. Zimeliwa na chumvi kwa chini. Gari inashinda pwani ikipakia mchanga na mawe, jioni inaegeshwa vile vile bila ya kumwagiwa maji ya kisima, na miaka ikipita kasha la ekseli linatoboka, oili inavuja, difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) inakauka na kuanza kulia. Kiraka cha kuchomelea kinawezekana, lakini kasha likishakuwa jembamba kiraka hakipati chuma cha kushikia. Bora utafute ekseli nzima iliyotoka kwenye gari nyengine.

Maelezo haya ni ya Series III, zilizotengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985, zenye springi za majani mbele na nyuma. Kufungua na kufunga ni kazi ya boliti tu. Fundi mmoja na wasaidizi wawili wenye nguvu wanaiweza. Watu huharibikiwa pale wanaponunua, kwa hiyo hapo nitakaa zaidi.

Hatua ya 1: Jua unachokitafuta

109 ya Series III ina ekseli mbili zisizofanana. Ya mbele ni ya aina ya Rover: difu yake inachomolewa ikiwa kipande kimoja kwa upande wa propela, yaani shafti inayoleta nguvu kutoka giaboksi. Ya nyuma ni Salisbury, nzito, na mgongoni ina kifuniko cha bati kilichofungwa kwa boliti. Difu inabaki ndani ya kasha. Zote mbili zina resho ya 4.7, yaani propela inazunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja.

Utaletewa ekseli ya nyuma ya 88, Land Rover fupi, na kuambiwa "ni ile ile tu". Si ile ile. Hafu shafti zake, zile za ndani zinazozungusha magurudumu, kwa kawaida zina meno 10, wakati Salisbury ina meno 24, na zile za meno 10 ndizo zinazokatika gari ikiwa na mzigo mlimani. Breki za 88 nazo ni dramu za inchi 10. Za 109 ni inchi 11. Gari inayoshuka kilima na magunia ya karafuu nyuma isipunguziwe breki.

Kishawishi cha pili ni ekseli za Discovery ya kwanza au Defender, kwa sababu ndizo zinazopatikana kwa wingi. Ringi zinaingia, maana matundu matano ni yale yale. Lakini ekseli hizo ni za koili springi, hazina vitako vya springi za majani, kwa hiyo utalazimika kuchomelea vitako vipya na kupima pembe ya difu mwenyewe. Zaidi ya hapo, resho yake ni 3.54. Kila gia inarefuka kwa thuluthi moja. Kwenye lami utafurahi; spidi mita itasoma 60 na gari iko karibu na 80. Ila kwa injini ya petroli ya lita 2.25 ile ile, vilima vya Pemba utavipanda kwa gia ya kwanza huku klachi inanuka. Aliyebadilisha injini na kutia dizeli yenye nguvu, sawa, afikirie. Wengine wote wabaki na 4.7.

Usichanganye kabisa resho moja mbele na nyengine nyuma. Ubaya wake hauonekani haraka, kwa sababu gari hizi kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Unaweza kutembea muda mrefu hujui kitu, mpaka siku umekwama mchangani, umebonyeza kile kitufe cha manjano cha kutia magurudumu manne, na mbele na nyuma zinaanza kuvutana. Chochote kilicho dhaifu kati ya giaboksi na habu kitakatika.

Hatua ya 2: Kagua palepale inapouzwa

Wengi hununua Ilala au Gerezani, Dar es Salaam. Wengine huagizia Tanga. Popote iwapo, usinunue kwa picha ya simu. Wauzaji wa chuma chakavu wanajua kupiga rangi nyeusi, na rangi nyeusi inaficha kila kitu.

Anza na resho. Mwambie mtu azuie habu ya upande mmoja isizunguke. Wewe zungusha habu ya upande wa pili mizunguko miwili kamili huku ukihesabu flenji ya propela. Ikizunguka karibu mara nne na robo tatu, hiyo ni 4.7. Ikizunguka mara tatu na nusu, rudisha pesa mfukoni.

Kisha fungua kizibo cha oili. Oili nyeusi haina neno. Oili ya rangi ya maziwa ina maana maji yaliingia, na kama yalikaa muda mrefu beringi zimeshaota kutu. Chovya kidole chini kabisa: vumbi laini la chuma ni la kawaida, vipande vinavyochoma kidole si vya kawaida. Kwa Salisbury omba ufungue kifuniko cha nyuma, utazame meno ya difu kwa tochi. Muuzaji akikataa, ameshakujibu.

Chomoa hafu shafti zote mbili. Zikitoka na kurudi kwa mkono bila ya kugoma, kasha halijapinda. Tazama meno ya mwisho: yanatakiwa yawe yamenyooka, yakiwa yamesokoteka kama kamba, shafti hiyo imeshapigwa na inangoja siku yake tu.

Kwenye ekseli ya mbele, tazama yale mapira ya chuma yanayong'aa pale gurudumu linapokatia kona. Pitisha ukucha. Ukucha ukinasa kwenye vishimo vya kutu, hata oili sili mpya itakatwakatwa. Mapira yanabadilishika, lakini bei yake uitoe kwenye bei ya ekseli.

Mwisho gongagonga kasha kwa nyundo ndogo, hasa kwa chini na karibu na vitako vya springi. Mlio uwe mmoja. Pima umbali kati ya vitako na angalia vimekaa upande gani, ulinganishe na vya gari yako. Nunua ikiwa na habu, dramu na boliti zake zote, na udai risiti.

Kabla ya kupakiwa kwenye jahazi la Wete au meli ya Mkoani, mwaga oili yote na uzibe kila tundu kwa mfuko na raba. Nahodha hataki oili kwenye mzigo wa watu, na wewe hutaki maji ya bahari ndani ya difu.

Hatua ya 3: Isafishe ikiwa chini

Fanya kila kitu ekseli ikiwa bado haijaingia kwenye gari. Mgongo wako utashukuru. Brashi ya waya, dizeli, kisha rangi ya kuzuia kutu. Badilisha oili sili zote, hosi za breki, na silinda za magurudumu, hata kama za zamani zinaonekana nzuri. Beringi za habu zioshe, uzikague, uzitie grisi mpya. Vumbi la ndani ya dramu usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwani shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Lioshe kwa maji ya sabuni.

Nati ya habu inahitaji spana ya boksi ya inchi 2 na 1/16. Ya milimita 52 nayo inakubali. Kaza mpaka habu iwe nzito kuzunguka, halafu ilegeze kidogo mpaka izunguke vizuri bila ya kucheza, ndipo ukunje washa ya kufungia.

Hatua ya 4: Inua gari, na usiamini breki ya mkono

Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Dramu yake iko nyuma ya giaboksi na inashika propela ya nyuma. Ukishaifungua propela hiyo, unaweza kuvuta breki mpaka mwisho na gari ikabiringika juu yako. Hata kabla hujaifungua, gurudumu moja la nyuma likiwa hewani, lile lililobaki chini halizuiliki, difu inaliachia. Kwa hiyo weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, na egesha pahala tambarare. Stendi zikae chini ya chesi, si chini ya springi wala bampa. Jeki ni ya kuinulia. Usilale chini ya gari inayosimama kwa jeki peke yake.

Siku mbili kabla, nyunyizia dizeli kwenye nati zote utakazofungua.

Hatua ya 5: Toa ya zamani

Spana ziwe za inchi. Nati za propela ni 9/16: spana ya 14 haiingii, ya 15 inazikata kona. Weka alama ya patasi kwenye flenji zote mbili kabla ya kufungua.

Nyuma kuna hosi moja ya breki inayoshuka kwenye ekseli, mbele ziko mbili. Zifungue na uzibe bomba zisiingie uchafu. Fungua shokapu. Mbele, achanisha pia fimbo ya stelingi. Yubolti za zamani, zile boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, usihangaike nazo, zikate kwa grainda. Kuzirudisha ni ubahili usio na faida. Weka jeki chini ya difu kabla ya kukata ya mwisho, kisha watu watatu waivute nje kwa upande mmoja.

Hatua ya 6: Funga

Kichwa cha senta boliti ya kila springi lazima kikae ndani ya tundu la kitako. Kikikaa pembeni, ekseli itakaa mshazari na gari itatembea ubavu. Kaza yubolti kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, kisha ukazaji wa mwisho ufanye gari ikiwa imekanyaga chini kwa uzito wake. Propela irudi kwenye alama zake. Hosi za breki zisijisokote. Zungusha stelingi mwisho kwa mwisho uhakikishe haziguswi na tairi.

Tia oili ya gia ya EP90: nyuma lita 2.5, mbele lita 1.7, na nusu lita kwa kila nyumba ya pira la mbele. Hizo nusu lita mbili ndizo zinazosahaulika, na pira likitembea kavu linaisha haraka. Tia mpaka ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia.

Kaza shuu za breki, kisha toa upepo ukianza na gurudumu lililo mbali na masta silinda: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Ukimaliza zirudishe shuu mpaka magurudumu yazunguke.

Kila ekseli ina kipumulio juu ya kasha. Ekseli ikipata moto halafu ikaingia majini, hewa ya ndani inapoa na kuvuta. Kipumulio kikiwa kimeziba, maji yanavutwa kupitia kwenye sili. Mimi hutoa kile kidude, nafunga mpira mwembamba wa mafuta na kuupandisha mpaka juu ya chesi, mdomo ukitazama chini.

Hatua ya 7: Jaribu

Tembea polepole kwenye lami bila ya mzigo. Simama, gusa habu kila upande. Vuguvugu ni sawa. Ikiunguza mkono, beringi imekazwa mno au shuu inashika. Mlio unaopanda na spidi wakati wa kukanyaga mafuta tu unatoka kwenye meno ya difu. Ukisikika wakati wote, chunguza beringi.

Magurudumu manne yajaribu mchangani au kwenye majani, kamwe si kwenye lami kavu. Baada ya safari za mwanzo kaza tena yubolti, maana rangi na kutu chini yake hujikandamiza. Na ukitoka pwani kwa mara ya kwanza, osha chini kwa maji matamu, halafu fungua vizibo vyote uangalie rangi ya oili. Ikiwa imeanza kuwa ya maziwa, imwage siku hiyo hiyo na utafute sili iliyopitisha maji.