Kuonyesha Protini Inavyoingia Mitokondria kwa Uzi wa Sufu
Hapa Iringa, ambako kwa sababu ya baridi uzi wa sufu haukosekani majumbani, mwalimu wa biolojia achukue maboksi mawili, dogo likiwa ndani ya kubwa, yenye matundu membamba yanayoelekeana: ndizo tando mbili, ya nje na ya ndani, za mitokondria, sehemu ya seli inayozalisha nishati. Uzi ndio protini; ncha yake ipakwe rangi nyekundu: ndiyo kitambulisho chenye chaji chanya, kinachoielekeza mitokondria. Uzi ulioviringwa utakwama, hivyo unyooshwe kwanza, kwa kuwa protini nayo huvuka tando zote mbili ikiwa haijakunjwa. Mwanafunzi anayeuvuta kutoka ndani ni Hsp70, protini saidizi. Ncha nyekundu ikishakatwa, uzi uviringwe ndani ya kikombe chenye kifuniko, mfano wa Hsp60, protini saidizi nyingine, ambayo kwa nishati ya ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) huipa protini faragha ya kujikunja bila kunasana na nyingine. Hatua hii, ambayo wengi huiruka, naomba isiharakishwe.